Nilisema Kaka Yangu ni Kichaa, Polisi Wakachukua Bunduki Yake

Kosa ni langu. Naomba hilo lieleweke kabla sijasema neno lingine. Si la polisi, si la daktari, wala si la shemeji yangu. Mimi ndiye niliyefungua mdomo.

Naandika nikiwa Kahama. Jina langu nalificha, lakini si kwa kuogopa kufungwa. Nilishakwenda mwenyewe kuomba nifungwe, wakanifukuza! Nalificha kwa ajili ya kaka yangu, maana watu wameshamsema ya kutosha. Humu nitamwita Masanja.

Masanja ndiye mkubwa kwetu, mimi ndiye namfuata. Baba alipofariki alituachia ng'ombe, majaruba ya mpunga na shotgani moja ya mtutu mmoja. Ng'ombe tuligawana. Bunduki ilikwenda kwa kaka, kwa sababu yeye ndiye aliyebaki nyumbani, na alifuata taratibu zote mpaka akapata kibali kwa jina lake. Kijijini kwetu, huko magharibi ambako mashamba yanaishia porini, hapakuwa na bunduki nyingine yenye kibali. Fisi wakizoea zizi la mtu, anaitwa Masanja. Nguruwe pori wakivamia mihogo, anaitwa Masanja. Nusu ya mara hizo alikuwa anapiga juu tu, wanyama wanakimbia, anarudi kulala.

Hakuwahi kumwelekezea mtu ile bunduki. Hata kwa mzaha. Mlisikie hilo.

Sasa, kaka alikuwa na mapacha, Kulwa na Doto, wote wasichana. Mwaka ule wa mvua nyingi Kulwa akashikwa na homa. Walimbeba kwa baiskeli kwenda zahanati, akafia njiani mgongoni mwa mama yake. Tangu mazishi yale watu waliacha kumwita shemeji Mama Kulwa, wakaanza kumwita Mama Doto, kwa kuogopa kulitaja lile jina lingine.

Kaka aliumia vibaya. Akawa hali chakula. Jioni anakwenda kukaa kwenye zizi, anaegemea mti wa lango, anatazama ng'ombe mpaka giza linaingia. Siku moja nilikwenda kukaa naye. Tulikuwa wawili tu. Akaniambia, "Mdogo wangu, heri ningetangulia mimi."

Nikamwambia, "Usiseme hivyo, kaka."

"Nasema tu," akajibu. "Nikisema kwa mama yake atalia."

Basi. Hayo ndiyo maneno yote aliyosema. Ni baba gani aliyezika mtoto asiyesema hivyo? Aliyasema kwangu kwa sababu mimi ni damu yake. Mungu wangu, laiti angeyasema kwa ng'ombe!

Baada ya msiba mimi nilirudi machimboni, upande wa Geita. Tulikuwa na duara letu, yaani shimo la dhahabu, mimi na wenzangu. Tulikuwa tumefika kwenye mwamba wenye mali, mawe tunayapakia kwenye viroba na kuyarundika tukingoja kuyasaga. Miaka ile machimboni palikuwa pabaya. Wakimbizi walikuwa wameingia kutoka kwenye vita vya jirani, na silaha nazo ziliingia kwa njia zake. Ulisikia kila siku basi fulani limetekwa, duara fulani limevamiwa. Wenzangu wakaniuliza, "Wewe si ulisema kwenu kuna bunduki? Kailete tulinde mawe."

Nikajigamba nitaileta. Huo nao ni ujinga wangu.

Nilifika nyumbani mchana, nikamkuta kaka anashona kamba ya jembe la ng'ombe. Tukasalimiana, nikaeleza shida yangu. Hakuinua hata kichwa.

"Hapana."

"Kaka, ni kwa muda tu."

"Hata saa moja hapana. Kibali kinasema bunduki ikae hapa, na jina ni langu. Ikitoka hapa ikaua mtu huko kwenye mashimo yenu, nani ataulizwa?"

"Ni bunduki ya baba! Na mimi ni mtoto wake!"

Hapo ndipo aliponitazama. "Ndiyo maana sikupi," akasema. "Sitaki mtoto wa baba anyongwe kwa bunduki ya baba."

Leo najua alikuwa anasema kweli. Siku ile nilisikia dharau tu. Nikaondoka bila kuaga, hata uji wa shemeji sikunywa.

Niliporudi machimboni nikakuta viroba vyetu vimekwenda. Walikuja watu na mapanga, hata bunduki hawakuwa nayo, wakachukua mawe yote. Wenzangu walinigeuka. Walisema nilikwenda kuwauza, kwamba safari ya nyumbani ilikuwa njama. Wakanitoa kwenye duara, mimi niliyelichimba tangu lilipokuwa kichaka! Nikatembea mpaka barabarani na nguo nilizovaa. Njia nzima nilikuwa nawaza kitu kimoja: Masanja angenipa bunduki, haya yasingetokea.

Ndugu msomaji, hasira ya namna hiyo haikupeleki kwa adui yako. Inakupeleka kwa mtu unayejua hatakupiga.

Nilishuka Kahama, na badala ya kupanda gari la kwenda kwetu, nikaingia kituo cha polisi.

Siku hizo walikuwa wametangaza kwamba silaha zisizo na kibali zisalimishwe, na kwamba hata mwenye kibali akionekana ni hatari, ndugu na majirani watoe taarifa. Mimi nilikuwa nimelisikia tangazo hilo redioni kwenye kibanda cha chai. Nikamwambia afande wa mapokezi nataka kumwona mkuu wa kituo, nina habari ya bunduki. Nilipelekwa haraka kuliko nilivyotarajia.

Mkuu wa kituo alikuwa mtu mpole. Aliniambia nikae.

"Sema, kijana."

Nikasema. Jamani, nilisema! Nikaanza na kweli, kwamba kaka amefiwa na mtoto, hali chakula, anakaa zizini peke yake, na kwamba alisema heri angetangulia yeye. Yule afande akawa anatikisa kichwa kwa huruma. Ile huruma ikanitoa machozi, ikanipa nguvu. Nikaongeza kwamba anaongea peke yake. Nikaongeza kwamba nilimkuta zizini na bunduki mapajani. Halafu nikasema lile lenyewe, kwamba aliinua bunduki akaielekeza mlangoni kwa mke wake, akasema wataondoka wote, yeye na mama na mtoto.

"Uliona kwa macho yako?"

"Niliona, afande."

"Nani mwingine aliona?"

"Mke alikuwa ndani, hakuona. Tulikuwa wawili tu."

Kisha akaniambia kitu ambacho mpaka leo kinanikosesha raha, kwa sababu kilikuwa kweli. "Umefanya vizuri. Kuna nyumba moja ndugu walijua, wakanyamaza. Sisi tulifika kubeba maiti."

Nilikuwa nafikiri watamwita, watamsumbua kidogo, na yeye aonje. Ndivyo nilivyofikiri, kweli! Sikufikiri zaidi ya hapo.

Walikwenda na Landrova siku iliyofuata, na mimi wakanipakia niwaonyeshe njia. Ilikuwa siku ya gulio, watu wamejaa barabarani. Walipofika nyumbani wakaruka chini na silaha mkononi, wakamwambia kaka alale kifudifudi kwenye vumbi la uani kwake. Akalala. Shemeji alikuwa anapepeta mchele, ungo ukamtoka mikononi. Doto akajificha nyuma ya mama yake.

"Bunduki iko wapi?"

"Iko ndani, afande, kwenye sanduku. Kibali nacho kimo humo. Kuna kosa gani?"

"Wewe unajua ulichotaka kumfanyia mkeo."

Kaka akageuza uso akiwa bado chini, akaniona nimekaa ndani ya Landrova. Hakuuliza kitu. Shemeji ndiye aliyeuliza. Alimshika afande mkono: "Alitaka kunifanyia nini mimi?"

Wakamwambia. Mbele ya watu wote wa gulio waliokuja kutazama, wakamwambia.

Bunduki ikapakiwa. Hawakumpeleka ndani, hapana. Mkuu alisema hili si shitaka, ni tahadhari tu, na akipata cheti cha daktari kwamba ni mzima atarudishiwa silaha yake. Maneno mazuri kabisa. Mimi mwenyewe niliposikia nilipata nafuu. Nikasema, si ataleta cheti tu?

Kaka alikwenda hospitali. Daktari akamwambia, "Mzee, mimi natibu malaria na kuhara. Naweza kuandika kwamba leo una akili timamu. Siwezi kuandika kwamba kesho hutakuwa kichaa." Kaka akampelekea mkuu wa kituo cheti hicho cha leo. Akaambiwa hakitoshi, aende kwa daktari mkubwa wa magonjwa ya akili, mikoa ya mbali huko. Akauza ndama, akaenda. Huko wakamuuliza: kwa nini unaitaka sana hiyo bunduki?

"Niliwajibu ni mali yangu na ina kibali," aliniambia baadaye. "Wakaandika kitu. Nikawaambia basi, siitaki sana. Wakaandika tena. Mdogo wangu, sijui pale mtu anatakiwa kujibu nini."

Wakati huo nilikuwa nimerudi kuishi kijijini, nimekaa mbele yake nakula ugali wake. Nikameza tonge.

Maana hata yeye hakunichukia, hilo mlijue! Shemeji alimwuliza mbele yangu, "Kwa nini mdogo wako alikwenda polisi?" Kaka akajibu, "Aliogopa. Mtu akiogopa huona vitu."

Habari ilienea vijiji vyote. Jirani yetu mmoja mzee, mwenye gobore lake la kurithi, alilichimbia chini ya ghala la mpunga. Aliniita pembeni siku moja. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaniambia, "Ng'wanawane, mwanangu, unajua umetufanya nini? Mke wangu alipofariki nililia mwezi mzima. Leo akifariki mtu kwangu, nitacheka. Sisi wenye bunduki sasa tunaogopa hata kulia msibani."

Wengine waliacha kwenda zahanati, wasije wakaonekana wanyonge. Mwingine, upande wa pili wa pori, alikuwa na bunduki yenye kibali kama ya kaka. Huyo alikuwa analewa na kumpiga mkewe kila mtu akisikia, na majirani walikuwa wamepanga kwenda kusema. Wakaacha. Walisema wasije wakafanya kama mimi. Mniambie, hilo nalo nilihesabie wapi?

Sungusungu, walinzi wa kijiji, wakamtoa kaka kwenye lindo. Walisema hawawezi kutembea usiku na mtu ambaye kichwa chake hakieleweki, hata kama ana upinde tu. Yeye aliyewafukuzia fisi miaka yote!

Lakini la shemeji ndilo lililoniua. Mama Doto hakuamini siku ya kwanza. Alisema, "Mume wangu namjua." Ila yale maneno yakakaa ndani ya nyumba. Kaka akinyamaza, shemeji anamtazama. Kaka akinoa panga la kukatia kuni, anamwita mtoto aje karibu. Akaanza kulala chumba cha jikoni na Doto, mlango umefungwa kwa gogo. Siku moja asubuhi akafunga nguo zake kwenye kanga, akamwambia kaka anakwenda kwao kumwona mama yake. Kaka akamsindikiza mpaka barabarani akiwa amembebea mzigo. Hajarudi.

Halafu wakaja wezi.

Walikuja mchana kweupe, jua likianza kuteremka, ng'ombe wakiwa bado malishoni. Watu wenye bunduki za vita. Kila mtu mwituni alikuwa ameshasikia kwamba kijiji kile hakina tena bunduki. Nilikuwepo. Nilimwona kaka anatoka mbio na upinde, nikamshika kiunoni, tukaanguka wote kwenye shina la mchongoma. Tukalala pale tunawatazama wanaswaga ng'ombe wake, na wa majirani, na wale wa urithi wa baba, wote wanaingia porini. Yule mzee wa gobore alitoka kupiga yowe. Walimpiga risasi ya paja. Alivuja damu nyingi, akafia kwenye mkokoteni kabla hatujafika Kahama.

Sisemi kwamba kaka angewashinda kwa shotgani moja. Huenda wangemuua yeye badala ya yule mzee. Sijui. Hakuna anayejua, na watu wa kijijini hawataki kusikia "sijui" yangu. Wanasema tu: siku zote hawakuja, bunduki ilipoondoka wakaja.

Baada ya mazishi ya mzee nikaona sitaweza tena. Nikaenda kituoni. Mkuu alikuwa yule yule.

"Shikamoo afande. Nimekuja kusema nilidanganya."

"Ulidanganya nini?"

"Kuhusu kaka yangu. Hakuelekeza bunduki kwa mtu. Nilikuwa na hasira, alikataa kuniazima."

Akafunga mlango. "Amekutisha?"

"Hapana, afande! Hajui hata kama nimekuja!"

"Basi familia imekukalia kikao. Ng'ombe wameibwa, sasa mnaitaka bunduki. Kijana, ndugu wote hurudi hapa kusema hivyo. Wakati ule ulilia machozi kwenye kiti hicho. Leo hulii. Nikuamini lini?"

"Nifungeni basi kwa kusema uongo!"

"Nikikufunga, halafu yeye akaua mtu, nani atajibu?" Akafungua mlango. "Nenda nyumbani. Akiendelea vizuri, tutaangalia."

Nikatoka. Nilikuwa na ukweli mkononi, na hapakuwa na mtu wa kuupokea.

Nikaenda kwa wazazi wa shemeji. Nilipiga magoti kabisa. Mama Doto alinisikiliza mpaka mwisho, Doto amekaa mapajani pake.

"Shemeji," akasema, "umetumwa?"

"Sijatumwa."

"Unataka nirudi kwa sababu anateseka. Hata mimi najua anateseka. Lakini siku ile ulikuwa unatetemeka ndani ya gari la polisi. Mtu mwongo hatetemeki vile."

Nilikuwa natetemeka kwa aibu! Nikamwambia hivyo. Akanipa maji ya kunywa, akanisindikiza.

Sasa nikabakiwa na kaka mwenyewe, nikasema heri nianguke miguuni pake, anipige, aniue akitaka. Nilimkuta zizini, palepale. Zizi tupu, hata harufu ya ng'ombe imekwisha. Amekonda, nywele zimeota mvi ghafla. Kabla sijafungua mdomo akaniambia:

"Nimekuwa nataka kukuuliza. Siku ile, nilipoinua bunduki. Nilisema maneno gani hasa?"

"Kaka, hukuinua."

"Mimi sikumbuki kuinua. Lakini sikumbuki mambo mengi ya wakati ule. Mazishi yenyewe siyakumbuki vizuri. Madaktari waliniuliza kama naweza kufanya kitu nikasahau, nikaona kweli, naweza."

"Hukufanya kitu! Nilidanganya! Nilikwenda polisi nikatunga, kwa ajili ya duara, kwa ajili ya viroba vya mawe! Kaka, nisikilize!"

Nililia. Nilimshika miguu. Nilimweleza kila kitu, kibanda cha chai, kiti cha polisi, kila neno nililoongeza. Akaniinua. Akanifuta vumbi magotini kama nilipokuwa mdogo.

"Wewe una roho nzuri," akasema. "Unataka nisijione mbaya. Lakini usijitwike mzigo wangu, mdogo wangu. Usingekwenda kusema, leo Doto angekuwa wapi?"

Tangu siku hiyo nimerudi kumwambia tena na tena. Hanikatalii kwa ukali. Ananisikiliza, halafu ananihurumia. Bunduki haitaki tena. Walimwita kituoni siku moja waongee, hakwenda. Alisema ikae huko huko, ni salama zaidi.

Ninyi mnaosoma haya. Kama una ndugu mwenye silaha na unamwogopa kweli, nenda kaseme, hata akuchukie maisha yote. Yule mama anayepigwa kule ng'ambo ya pori anahitaji mtu wa kwenda kusema, na mimi ndiye niliyewafunga watu midomo. Lakini kama moyoni unajua una hasira tu, nakuomba, kaa nyumbani! Pita mbali na kile kituo! Usijiambie utakwenda kufuta baadaye. Mimi nimekwenda kufuta. Nimezunguka kote.

Na ninyi wakubwa mnaochukua silaha za watu kwa neno la mtu mmoja, fikirieni pia ni neno la nani mtakalolikubali siku ya kurudisha. Kwetu halikupatikana.

Jumapili nilikwenda kumpelekea kaka mchele na sukari. Tulikaa, tukanywa chai. Nilipokuwa naondoka alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaniambia kama anavyoniambia kila nikienda: "Asante, mdogo wangu. Uliniokoa nisiue."